Kuunganisha kompyuta na runinga: namna ya kuchagua kati ya VGA, DVI, HDMI, DisplayPort na USB-C

Picha haitoki kwenye kompyuta na kufika kwenye runinga kwa mkupuo mmoja. Hutengenezwa na kadi ya picha, hupita kwenye tundu la kompyuta, huingia kwenye waya, pengine hupitia adapta, kisha hupokewa na tundu la runinga na kuchorwa kwenye kioo. Kila kituo katika safari hiyo kina kikomo chake, na picha utakayoiona itafuata kikomo kidogo kuliko vyote. Ndiyo maana nasikitika ninapomwona mtu aliyetoa fedha nyingi kwa runinga ya 4K akiilisha picha kwa waya wa rangi tatu uliotoka kwenye deki yake ya zamani, au mwingine aliyeuziwa waya wa bei kubwa kwa ajili ya kompyuta ambayo haitoi picha nzito kuliko ile ambayo waya wa kawaida ungeibeba bila shida. Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe ninapoitwa kuunganisha vifaa majumbani, shuleni na kwenye kumbi za mikutano: matundu kwanza, kisha picha inayotakiwa, na waya baadaye.

Hatua ya kwanza: soma matundu kabla ya kwenda dukani

Washa tochi ya simu, isogeze runinga mbali na ukuta, na uandike kwenye karatasi matundu yote unayoyaona pamoja na maandishi madogo yaliyo kando yake. Fanya vivyo hivyo kwa kompyuta, king'amuzi au projekta. Maandishi hayo madogo yana uzito mkubwa, kwa sababu runinga yenye matundu matatu ya HDMI huenda ikawa na tundu moja tu linalopokea picha ya kasi kubwa, na kwa kawaida ni lile lililoandikwa ARC au eARC peke yake ndilo linaloweza kurudisha sauti ya runinga kwenye spika za nje.

Matundu matatu ya mviringo, moja la njano kwa picha, jeupe kwa sauti ya kushoto na jekundu kwa sauti ya kulia, ni ya waya ambao wengi tunauita waya wa AV. Huu hubeba picha ya analogia, yaani umeme unaopanda na kushuka kufuata picha, ambayo rangi na mwangaza wake vimechanganywa katika uzi mmoja, na katika mfumo wa PAL uliotumika kwetu picha hiyo ina mistari 576 tu inayoonekana. Ulitosha kabisa kwa runinga za chogo. Mitambo ya analogia ilipoanza kuzimwa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2012, na Kenya ikafuata na kukamilisha mwaka 2015, nyumba nyingi zilinunua king'amuzi na kukiunganisha na runinga ya chogo kwa waya huu. Baadaye chogo kikaondoka, runinga bapa ikaja, na waya ukabaki ule ule. Nikiingia nyumbani kwa mtu anayelalamika kwamba runinga yake mpya ina picha hafifu, kitu cha kwanza ninachokiangalia ni mgongo wa king'amuzi, na mara nyingi nakuta tundu la HDMI lipo pale, limejaa vumbi, halijawahi kutumika.

Kuna matundu mengine ya mviringo ya kijani, buluu na nyekundu ambayo yote matatu ni ya picha, na sauti yake hupita kwenye nyaya nyingine mbili. Usiyachanganye na ya AV. Runinga nyingi za miaka ya karibuni zimeunganisha tundu la kijani na la njano kuwa moja, kwa hiyo mtu akichomeka waya wa njano hapo na kuchagua njia isiyo sahihi kwenye rimoti, picha hutokea bila rangi, nyeusi na nyeupe tupu, naye hudhani runinga imeharibika. Runinga zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Ulaya, ambazo nyingine hutufikia zikiwa zimetumika, zinaweza pia kuwa na tundu pana la SCART lenye nafasi 21. Hilo nalo ni la analogia, na ukiwa na HDMI huna haja nalo.

VGA inastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa bado imejaa kwenye projekta za shule na ofisi zetu. Ilianzishwa na IBM mwaka 1987, na kichwa chake chenye skrubu mbili kina pini 15 katika safu tatu. Hubeba picha ya analogia bila sauti, lakini nyekundu, kijani na buluu husafiri kila moja kwenye pini yake katika safu ya juu, na jambo hilo humsaidia sana fundi. Niliwahi kuitwa katika shule moja ya pwani ambako projekta ilikuwa inaonyesha kila kitu cheupe kwa rangi ya njano, na tayari ilikuwa imeamuliwa kwamba taa yake imechoka na inunuliwe nyingine. Nilimwambia mwalimu aliyenipokea, "Mwalimu, kabla ya taa tuangalie kichwa cha waya." Tulikichomoa na kukimulika: pini ya katikati katika safu ya juu, ambayo ndiyo ya buluu, ilikuwa imelala ubavuni kama mti ulioangushwa na upepo. Nyeupe ikinyang'anywa buluu hubaki njano. Niliinyanyua taratibu kwa ncha ya sindano, nikakirudisha kichwa bila kukilazimisha, na ukuta ukawa mweupe. Kwa mantiki hiyo hiyo, nyeupe ikigeuka zambarau ya kung'aa jua kwamba kijani imekatika, na ikigeuka samawati jua kwamba ni nyekundu. Usishtuke ukikuta nafasi moja ya safu ya kati haina pini kabisa, kwani nyaya nyingi za VGA hutengenezwa hivyo makusudi.

DVI ya mwaka 1999 ni kichwa kikubwa, aghalabu cheupe, chenye skrubu pia. Kuna DVI-D ya dijitali peke yake, yaani picha inayosafiri kama namba, DVI-A ya analogia peke yake, na DVI-I yenye vyote viwili. Ukiona mwanya bapa uliozungukwa na nafasi nne ndogo, tundu hilo lina analogia. Ukiona mwanya bapa peke yake, ni dijitali tupu. Tofauti hiyo itakuwa na kazi kubwa tutakapofika kwenye adapta.

HDMI, iliyotolewa mwishoni mwa mwaka 2002, ina pini 19 na umbo lililopinda pande zote mbili za chini. DisplayPort, iliyotolewa na shirika la VESA mwaka 2006, inakaribia kufanana nayo lakini imekatwa kona moja tu, na vichwa vyake vingi vina kibanio kinachopaswa kubonyezwa kabla ya kuchomoa. Nimeona matundu yaliyong'olewa kwa kuvuta bila kubonyeza, na ni uharibifu unaoumiza kwa sababu haukuwa na ulazima wowote. Mwisho kuna USB-C, tundu dogo la duaradufu ambalo kichwa chake huingia upande wowote.

Hatua ya pili: pima uzito wa picha unayoitaka

Watu hulinganisha viunganishi kwa majina, ilhali kinacholinganishwa hasa ni wingi wa data inayoweza kupita kwa sekunde moja. Hesabu yake si ngumu. Picha ya Full HD ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta huchukua biti 24 za rangi, na picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde, idadi inayoitwa hezi 60. Ukizidisha vyote unapata takriban gigabiti 3 kwa sekunde. Picha ya 4K ina nukta 3840 kwa 2160, mara nne ya hiyo, kwa hiyo inahitaji takriban gigabiti 12 kwa hezi 60, na ukitaka hezi 120 kwa ajili ya michezo ya kompyuta unarudufisha tena. Hapo bado hujaongeza mapengo ya muda kati ya picha moja na nyingine wala biti za ziada za kulinda data njiani, ambazo huifanya 4K ya hezi 60 ikaribie gigabiti 18 kwenye waya wa HDMI.

Jiulize kwa uaminifu unataka nini. Anayeonyesha taarifa ya habari na filamu za kawaida kwenye runinga ya inchi 32 hana haja ya zaidi ya Full HD. Anayesoma maandishi na majedwali siku nzima kwenye skrini kubwa ya 4K anahitaji hezi 60 kamili, kwa kuwa kwenye hezi 30 kishale cha mausi huburuzika nyuma ya mkono na macho huchoka mapema. Filamu, ambazo nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, hazidhuriki na hezi 30 kwa kiasi hicho.

Hatua ya tatu: linganisha viunganishi kwa kipimo hicho

Kwa runinga, HDMI haina mshindani, kwa sababu runinga za nyumbani karibu zote zinayo na ni nadra kukuta yenye DisplayPort. Swali linalobaki ni la toleo. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 lina kikomo cha gigabiti 10.2, kwa hiyo lilifungua mlango wa 4K lakini kwa hezi 30 tu. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 lilipandisha kikomo hadi gigabiti 18, na hapo ndipo 4K ya hezi 60 ikawezekana. Toleo la 2.1 la mwaka 2017 linafika gigabiti 48, linaruhusu 4K ya hezi 120 na 8K ya hezi 60, na mwaka 2025 likatolewa la 2.2 lenye gigabiti 96. Kuwa mwangalifu na boksi lililoandikwa 2.1, kwa kuwa sifa nyingi za toleo hilo ni za hiari kwa mtengenezaji, na namba peke yake haikuhakikishii gigabiti 48. Tafuta katika kijitabu cha runinga sentensi inayotaja wazi 4K na hezi 120, na tundu linalohusika.

HDMI ina faida nyingine mbili ambazo nyumbani zina thamani kuliko kasi. Hubeba sauti pamoja na picha, na kupitia utaratibu unaoitwa CEC rimoti moja inaweza kuwasha runinga na kifaa kilichounganishwa nayo kwa pamoja.

Kwa monita ya kompyuta, mimi huchagua DisplayPort pale inapopatikana pande zote mbili. Toleo la 1.2 la mwaka 2010 tayari lilibeba 4K ya hezi 60, miaka mitatu kabla ya HDMI kufika hapo, na toleo la 1.4 la mwaka 2016 lina gigabiti 32.4. Kuanzia toleo la 1.2 pia, monita zenye tundu la kutolea zinaweza kuunganishwa kwa mfululizo, ya kwanza ikaipasia ya pili, na kompyuta ikatumia tundu moja tu. Mhasibu au mfasiri mwenye skrini mbili mezani hupunguza msongamano wa nyaya kwa njia hiyo, ingawa kompyuta za Mac hazitumii utaratibu huo kupanua eneo la kazi kwenye skrini tofauti.

USB-C ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, nami siwalaumu. Umbo la tundu halisemi chochote kuhusu picha. Tangu mwaka 2014 kuna utaratibu unaoruhusu mkondo wa DisplayPort kupita ndani ya USB-C, lakini mtengenezaji wa laptopu au simu ana hiari ya kuuweka au kuuacha, na simu nyingi za bei ya kati hazina. Angalia kama kando ya tundu kuna herufi D na P zilizounganishwa, au mchoro wa radi unaotambulisha Thunderbolt, teknolojia ya kasi kubwa inayotumia tundu hilo hilo, na kama hakuna alama yoyote soma maelezo ya modeli yako kabla ya kununua adapta. Tena, waya wa USB-C uliokuja na chaja ya simu kwa kawaida hubeba umeme na data ya polepole tu, hauna nyuzi za kupitisha picha, hata kama vifaa vyote viwili vinaweza.

VGA na DVI tumia tu pale ambapo kifaa hakina kingine. Mwezi Desemba mwaka 2010 kampuni kubwa za kompyuta, zikiwemo Intel, AMD, Dell na Lenovo, zilitangaza kwamba zitaiacha VGA taratibu, na laptopu nyingi mpya hazina tundu hilo tena. Ukilazimika, DVI ya kawaida hutoa picha safi ya nukta 1920 kwa 1200, na haina tatizo la maandishi kufifia ambalo VGA hulipata waya unapokuwa mrefu.

Hatua ya nne: nunua waya kwa kasi na urefu wake

Waya wa HDMI hauna toleo, una daraja. Daraja la Premium High Speed limepimwa kwa gigabiti 18 na linatosha 4K ya hezi 60. Ultra High Speed limepimwa kwa gigabiti 48, na boksi lake lililothibitishwa huwa na stika yenye msimbo wa kupigwa picha kwa simu ili kuhakiki. Muuzaji akikwambia "huu ni waya wa 2.1", mwombe akuonyeshe daraja.

Mkondo wa dijitali ama hufika ama haufiki, hivyo waya wa bei mara kumi hauwezi kuongeza rangi wala ukali wa picha. Waya usiotosha hujionyesha wazi kwa vinukta vyeupe vinavyometameta, au picha kukatika na kurudi kila baada ya sekunde chache. Dhahabu kwenye kichwa cha waya nayo haibadilishi picha. Kazi yake ni kuzuia kutu, na kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, ambako hewa ya chumvi hula shaba na chuma kwa haraka, hiyo ni sababu ya kweli ya kuichagua, mradi bei iwe ya kawaida.

Urefu ndio unaowakwamisha wengi. Kwa 4K ya hezi 60 mimi sipendi kuzidisha mita 3 au 4 kwa waya wa kawaida. Katika ukumbi ambako projekta ipo darini umbali wa mita 15, tumia waya wa HDMI wenye nyuzi za mwanga, na kabla ya kuupitisha kwenye dari hakikisha upande ulioandikwa SOURCE uko kwenye kompyuta, kwa sababu waya huo hupitisha picha kwa mwelekeo mmoja tu. Nimewahi kushuhudia dari likifunguliwa upya kwa kosa hilo peke yake.

Hatua ya tano: adapta ina mwelekeo

Kanuni ni hii: dijitali na dijitali za ukoo mmoja huungana kwa adapta tupu, lakini dijitali na analogia haziwezi kukutana bila kigeuzi chenye saketi ndani yake. DVI-D na HDMI hutumia mkondo wa picha wa aina moja, kwa hiyo waya wenye kichwa cha DVI huku na HDMI kule hufanya kazi pande zote, ingawa sauti usiitegemee. DVI-I inaweza kuelekea VGA kwa adapta tupu. DVI-D haiwezi kamwe. HDMI kwenda VGA inahitaji kigeuzi, na kigeuzi hicho hakirudi nyuma: ukitaka kupeleka picha ya kompyuta ya zamani ya VGA kwenye runinga ya HDMI, unanunua kigeuzi kingine kabisa, ambacho mara nyingi huwa na waya wa USB wa kupokea umeme na mwingine mwembamba wa kuchukua sauti.

DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya runinga ni rahisi, kwa kuwa matundu mengi ya DisplayPort yanaweza kutoa mkondo wa HDMI yenyewe. Kinyume chake, HDMI kwenda monita ya DisplayPort, kunahitaji kigeuzi chenye umeme wake. Dukani usiseme tu "nataka adapta ya HDMI na DisplayPort". Sema picha inatoka wapi na inakwenda wapi.

Kuna hali moja ambayo humfanya mtu aitupe adapta nzima bila kosa: skrini ya kawaida ya kompyuta inaonekana vizuri kwenye projekta, lakini filamu ya kulipia ikifunguliwa dirisha lake ni jeusi. Hiyo ni kinga ya haki miliki inayoitwa HDCP, ambayo hukataa kupitisha picha kwenye kifaa kisichoitambua, na VGA haiitambui. Dawa yake ni kuunganisha kwa HDMI moja kwa moja.

Hatua ya sita: unganisha, kisha rekebisha runinga yenyewe

Zima vifaa vyote viwili ukutani kabla ya kuchomeka, hasa kama jengo halina waya wa ardhi unaoaminika au kama king'amuzi kimeungana na dishi la nje. Washa runinga kwanza, chagua kwa kitufe cha SOURCE au INPUT tundu lile lile ulilotumia, kisha washa kompyuta. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P uchague kama skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja au runinga iwe eneo la ziada.

Sasa angalia kingo. Kama upau wa chini wa Windows umekatwa au haupo, runinga inaikuza picha kidogo kupita ukubwa wa kioo, desturi iliyorithiwa kutoka enzi za chogo ambapo kingo za picha zilifichwa makusudi. Ingia kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha kwenye runinga na uchague ile inayoonyesha nukta moja kwa nukta moja, ambayo kulingana na mtengenezaji huandikwa Just Scan, Screen Fit au 1:1. Usipunguze ukubwa kwenye kompyuta, kwani hapo maandishi hupoteza ukali. Kama herufi nyekundu juu ya sehemu ya buluu zina ukungu kwenye kingo zake, badilisha jina la tundu hilo kwenye orodha ya runinga liwe PC. Runinga nyingi zikisoma jina hilo huacha kuibana rangi na kupunguza uchakataji unaochelewesha kishale. Kama nyeusi inaonekana ya kijivu, linganisha kiwango cha rangi kilichowekwa kwenye kompyuta na kile cha runinga, vyote viwe kamili (Full) au vyote viwe vya runinga (Limited).

Halafu fungua mipangilio ya skrini kwenye kompyuta na usome hezi zilizoandikwa. Ukikuta 30 wakati vifaa vyote vinadai 60, tafuta kwenye runinga mpangilio wa kuongeza uwezo wa tundu la HDMI, ambao kwenye runinga nyingi za 4K huja ukiwa umezimwa. Picha ikipotea baada ya kuuwasha, shusha hadi Full HD. Ikirudi na kutulia, badilisha waya kabla ya kitu kingine, kisha tundu, na adapta baada ya hapo, kimoja kwa wakati mmoja. Ukishapata waya unaofikisha hezi 60 kwenye tundu unalolijua, zungushia kichwa chake kipande cha plasta nyeupe na uandike kwa kalamu isiyofutika jina la tundu, ukubwa wa picha na tarehe, ili atakayehamisha runinga mwakani aurudishe palepale.